Kiangazi Bila Mbu

Mei 7

Marjut kaniletea kitabu hiki, eti niandike kila siku nimeona wadudu gani wa majini na nimewaona wapi. Nikamwambia, binti, umefika kwa mwenyewe. Mto huu na vijito vyake vyote, mdudu hapigi chafya bila mimi kumwambia "afya". Akacheka. Ni mtoto wa kusini, msomi, anazunguka huku kwetu na vyavu na vichupa akitafuta nani anaishi wapi: wadudu wa baridi wamebakia wapi, wa joto wamepanda mpaka wapi.

Gáddjá, mke wangu, akasema kutoka jikoni bila kugeuka, "Umempa kitabu mtu aliyetoroka shule herufi zikiwa nusu. Hapo utasoma kwato, si maandishi."

Kutoroka nilitoroka. Bweni lilikuwa mbali, lugha ya mwalimu haikuwa yetu, nikafuata nyayo za kulungu kwenye theluji mpaka mlangoni kwa mama. Kuna wanaosema mama ndiye alikuja kunichukua nikiwa nalia. Wanasema wanavyotaka, mimi ndiye niliyekuwepo.

Mdudu wa leo hakuna. Theluji upande wa jua imeshaondoka. Mapema mno.

Mei 10

Jovnna kaja kula. Ndiye mwanangu pekee aliyebaki kuchunga kulungu, hawa wetu wa nchi ya theluji, wengine wako mijini wanachunga kompyuta. Akala nyama kavu, akatumbukiza jibini kwenye kahawa, akaisubiri ilainike, akaitazama kama inamdai neno.

"Baba, nimepata kazi kusini. Kiwandani. Watanisubiri mpaka vuli."

"Wakusubiri, umekuwa basi?"

"Sikutanii. Mwaka juzi ndama wengi hawakupata alama. Mwaka jana tukapata nusu. Kiangazi hiki tukiwakosa tena, nauza waliobaki, naondoka."

Gáddjá akaacha kukata mkate. Mimi nikamwambia kulungu wetu walikuwepo kabla kiwanda chake hakijapata hata jina, na ndama watapata alama, mimi nimesema.

Marjut, ukisoma hapa ujue tunaongelea nini. Ndama anazaliwa Mei, masikio mazima. Kiangazi, akiwa bado anamfuata mama yake, unamkamata, unamchonga sikio alama ya ukoo wako. Ikifika vuli ameshaachana na mama na sikio halina kitu, huyo si wako tena, ni wa ushirika wetu wa wafugaji, anauzwa. Sasa kulungu kiangazi wametapakaa msituni kama chumvi iliyomwagika. Nani atawakusanya? Mbu. Mbu wakichachamaa bondeni, kulungu wanakimbilia vilima vipara penye upepo, wanasongamana kundi moja, pua kwa mkia, na sisi tunawasukuma polepole mpaka bomani. Mchungaji wetu ni mbu. Hadai mshahara wala likizo, anachukua tone la damu anakwenda zake. Marjut kaniambia kuna nchi watu wanalala ndani ya vyandarua kumkimbia. Maskini, hawajui kukaa na wachungaji.

Mei 16

Barafu ya mtoni imeondoka. Gáddjá anasema nilikoroma. Uongo.

Mei 22

Nimepanda mpaka kwenye vidimbwi vya chini ya kilima chetu, pale maji ya theluji yanapotuama kwenye nyasi. Nimechota kwa kikombe: viluwiluwi wa mbu wamejaa, wanajikunja na kujikunjua kama alama za koma zilizofundishwa ngoma. Nimecheka peke yangu. Vidimbwi vikijaa namna hii Mei, mbu wanatoka katikati ya Juni, na siku ya sikukuu ya kiangazi kulungu wako kileleni. Baba yangu alijua hivyo, na babu yangu, na mimi nimeongezea utaalamu wangu mwenyewe.

Kuna mwaka mbu walikuwa wengi, ukipiga kofi hewani unabaki na tundu lenye umbo la mikono yako, na linakaa hivyo mpaka wengine wafike kuliziba. Jovnna alipokuwa mdogo alikuwa ananiomba hiyo kila usiku.

Mei 30

Nimempeleka Marjut kwenye kijito kinachopita nyuma ya sauna yetu, kile kibanda cha kuogea mvuke. Anapindua mawe, analitazama jiwe tumboni kama mkunga.

"Mzee Issát, hapa zamani mlikuwa mnawaona wale weusi?"

"Weusi gani? Hapa tuna jogoo mmoja tu mweusi, na ni shemeji yangu."

"Wadudu wa mawe. Wale wanaotambaa juu ya theluji Mei."

"Ah, hao. Walikuwa wanatembea kwenye theluji taratibu kama wazee wanaokwenda kanisani. Ukikanyaga wanalia chini ya kiatu."

"Hapa hakuna tena hata mmoja. Nimewapata kule juu tu, kwenye chemchemi iliyo chini ya kile kipande cha theluji kisichoyeyuka. Na wale wanaojijengea nyumba za mchanga, wa hapa chini sasa ni aina nyingine, ya kusini." Akaninyooshea kichupa. Ndani mna mtoto wa kereng'ende, taya kubwa kuliko akili. "Na huyu. Sikutegemea kumkuta huku."

"Kaja kwa basi?"

"Kaja kwa mabawa. Maji yamepata joto, kapapenda."

"Hawa wetu wa baridi ndiyo wanakwenda wapi?"

"Wanapanda juu."

"Na juu kukiisha?"

"Wanasogea kaskazini."

"Na kaskazini kukiisha?"

Alikuwa anafunga kichupa. Akaniuliza, "Kaskazini ya hapa kuna nini, mzee?"

"Kuna shemeji yangu Heaika. Halafu bahari."

Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Juni 6

Kikao nyumbani kwa Heaika. Heaika ni kaka yake Gáddjá na ndiye mkubwa wa kundi letu la wafugaji, kwa sababu mimi niliukataa ukubwa. Hata nisingeukataa wasingenipa, anasema yeye.

Ana rubani wa helikopta, mtu anayemfahamu. Yuko huru mpaka katikati ya mwezi tu, kisha anachukuliwa na ushirika mwingine kiangazi kizima. Heaika anataka tuwakusanye kulungu sasa hivi, kabla joto halijawasukuma ndani ya msitu.

Nikasimama. "Shemeji, ndama sasa hivi ni laini kama siagi. Ukimkimbiza na lile dude utamchonga sikio maiti."

"Wengine watakufa, ndiyo. Lakini wengi tutawapata."

"Kwa nini upoteze hata mmoja? Vidimbwi vimejaa, nimeviona kwa macho haya. Siku ya sikukuu mbu watakuwa wamewapandisha wote kileleni, watakuja bomani wenyewe kama wanakuja harusini. Nani kati yenu amewahi kuniona nimekosea mbu?"

Akajibu mmoja pale nyuma, "Mbu hapana, Mzee. Uzito wa samaki ndiyo unakosea."

Wakacheka, na mimi nikacheka, na nilijua nimeshawapata. Heaika alimtazama Jovnna. "Wewe ndiye una ndama wengi wa kupoteza. Unasemaje?"

Jovnna akanitazama muda. Ana macho ya mama yake, yanakupima bila kukudhulumu. Akasema, "Baba akisema watakuja, watakuja."

Helikopta ikakataliwa.

Juni 9

Joto. Nimevua shati nje. Gáddjá kafunga pazia, anasema kwa ajili ya majirani.

Juni 13

Nimekwenda kutazama vidimbwi. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikaa kule.

Hakuna maji. Siku zote hizi jua halitui, linazunguka tu juu ya vichwa vyetu kama mgeni asiyejua kuaga, na limekunywa kila kitu. Pale palipokuwa na maji kuna tope lililopasuka, na juu ya tope wamekauka viluwiluwi, weusi, wengi, kama majani ya chai yaliyotupwa mlangoni. Nikachimba kwa kisu labda chini kuna unyevu. Nikaenda kidimbwi cha pili na kile kinachofuata, mpaka goti likakataa. Ni hivyohivyo kila mahali.

Nikasema nikamwambie Jovnna leo hii, rubani atakuwa hajaondoka. Nikamkuta bomani kwetu juu ya kilima, lile boma ambalo mimi na baba tulilijenga kwa miti ya misonobari tuliyoivuta na kulungu kutoka bonde la mbali, maana huku juu hakuoti mti. Alikuwa anagongelea nguzo upya, amevua kofia, na alikuwa anaimba. Ile namna yetu ya kumwimba mtu bila maneno, sauti tu mpaka mtu mwenyewe aonekane. Alikuwa ananiimba mimi. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mwaka juzi.

"Vipi huko chini, baba?"

Nikasema, "Mbu wananoa meno."

Akacheka, akaendelea kugongelea.

Juni 14

Nitamwambia kesho.

Juni 15

Joto.

Juni 17

Nimemwambia. Tulikuwa tunakula samaki. Nikasema vidimbwi vimekauka, nilivikuta vimekauka.

"Lini?"

Nikamwambia lini.

Akaweka uma chini taratibu, akatoka nje, akampigia simu mjomba wake. Nilisikia kupitia dirisha: rubani kaondoka jana asubuhi. Jovnna hakurudi mezani. Gáddjá akakusanya sahani yake, samaki wake akampa mbwa. Nikamwambia labda mbu watatoka kwenye vinamasi vya upande wa pili. Akasema, "Issát, kula."

Ananiita Issát tukiwa msibani tu.

Juni 25

Sikukuu imepita. Tulikaa nje mikono wazi, hakuna kilichotua. Watalii wamejaa mtoni, wanasema ni kama peponi, hawajapata kuona kiangazi kizuri kama hiki. Mmoja kaniuliza siri yetu ya kufukuza mbu ni nini. Nikamwambia ni mimi, nilifungua mdomo wakaondoka wote.

Heaika alipita. "Shemeji, wale wageni wako wa harusi wamepotea njia?"

"Wanajipamba."

"Waambie bwana harusi anazeeka." Halafu akanishika bega, na hilo lilikuwa baya kuliko utani.

Julai 3

Hakuna.

Julai 4

Hakuna.

Julai 8

Kulungu hawako kileleni. Wako msituni mmojammoja, kila mmoja na kivuli chake. Wengine wameshuka mpaka kijijini, wamesimama kwenye ubavu wa duka penye kivuli, ndimi nje, watu wanawapiga picha. Jike mmoja wa kwetu alikuwa pale na ndama. Nikarudi kuchukua kamba ya kitanzi, nilipofika gari lilikuwa limepiga honi na wameshatawanyika.

Ndama mwingine nimemkuta amekufa karibu na barabara. Hana jeraha. Joto tu. Masikio mazima.

Julai 17

Naandika polepole, mkono wa kulia umevimba.

Heaika alisema tukiwasubiri mbu tutasubiri ufufuo, tuwakusanye wenyewe kwa miguu, mbwa na pikipiki za magurudumu manne. Tukakubaliana wote. Jovnna na vijana wa Heaika waliingia msituni, wakawatoa kulungu kwenye vivuli, wachache hapa, wachache pale. Kazi ya kipumbavu. Kulungu ambaye hasumbuliwi na mbu haoni sababu ya kukaa na mwenzake. Unamleta huyu, yule anaondoka. Kwa mbu, mtu mmoja na mbwa mmoja mnasogeza kundi zima huku mnavuta ugoro. Bila mbu, watu wote wa kijiji ni kama wamebeba maji kwa wavu.

Lakini walilipata kundi. Si lote, ila kubwa la kutosha, na ndama wengi, nilisikia wakiguna wakiitana na mama zao kabla sijawaona. Wakalipandisha kufuata kijito kuelekea kilima chetu. Mimi nilipewa kazi ya wazee: kukaa mwisho wa ule uzio wa vitambaa unaowaongoza kwenye mlango wa boma, nikitikisa kitambaa wasikate kona. Gáddjá alikuwa upande wa pili. Alinipungia mkono kwa mbali, na mimi nikatikisa kitambaa kama kichaa, akacheka. Nilimwona Jovnna nyuma kabisa, amezima pikipiki, anatembea kwa miguu ili asiwatishe, mikono ameifungua kidogo kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Upepo ulikuwa wetu. Nilisema moyoni, tazama, hata bila mbu. Nitaihadithia hii mpaka nife.

Upepo ukafa.

Usubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma, ukatoka kijitoni. Si kwamba hatuna usubi, tunao, unakuja mwisho wa kiangazi, kidogo, unatuchekesha. Huu sijawahi kuuona. Ulipanda kutoka kwenye maji kama moshi wa nyasi mbichi, mzito, hauna sauti. Mbu anakwambia anakuja, anaimba, kulungu anamsikia anajua pa kukimbilia. Usubi haumwambii mtu. Uliingia kwenye macho ya wanyama, puani, chini ya tumbo la ndama pasipo na manyoya. Nilifumba mdomo ukaingia kwa pua.

Kundi likaanza kuzunguka. Hilo ni jambo jema kwa kawaida, kulungu wakizunguka wametulia. Lakini walizunguka haraka zaidi na zaidi, halafu wale wa mbele wakageuka wakatazama nyuma. Nilijua kabla hawajatoka. Walipita katikati yetu kama uzio haupo. Nilipiga kelele, nikatikisa kitambaa, nikamwita jike kiongozi kwa sauti niliyofundishwa na baba. Akanipiga kikumbo, nikaanguka, kwato zikapita kwenye mkono wangu na kando ya kichwa changu, na nilikuwa bado nimeshika kitambaa.

Walikimbilia mtoni, kwenye maji, ambako usubi hauwezi kuwafuata chini. Majike waliogelea. Ndama waliwafuata, maji yakawachukua wengine kushoto na wengine kulia. Yule jike wetu mwenye pembe moja iliyopinda, wa ukoo wa wale Gáddjá aliokuja nao alipoolewa, nilimwona akigeuka katikati ya mto kumtafuta mtoto wake, na ndama wengine wakampanda mgongoni kwa hofu, akazama. Hakutokea tena. Mtoto wake alifika ufukweni. Ana doa jeupe kwenye paji la uso, kama kidole kilichochovya maziwa. Alisimama pale akitetemeka, halafu akaingia msituni peke yake.

Jovnna alipata ndama wachache, pale kingo za mto, wale ambao mama zao walikuwa bado karibu. Akawachonga masikio, damu na usubi, uso wake umevimba hata simjui. Kisha hakukuwa na wengine. Akakunja kamba yake vizuri, kitanzi juu ya kitanzi, akaja nilipokaa.

"Umeumia?"

"Mimi? Yule jike alinikuta nimesimama, nikamshika pembe hivi..."

"Baba," akasema. "Usihadithie."

Akanishika chini ya kwapa, akaniinua.

Julai 24

Marjut kapima maji ya kijito. Anasema yamekuwa ya uvuguvugu, na usubi ule ni wa kutoka kusini, unazaa mara mbili kwa kiangazi kimoja. Ameuona sehemu nyingine pia. Alikuwa na ramani kwenye kompyuta, madoa mekundu yanapanda kutoka chini na ya bluu yamebanwa juu kwenye ukingo. Alikuwa ananieleza kwa sauti ya chini kama daktari.

Nikamuuliza kama kuna dawa.

"Mimi nahesabu tu, mzee."

Nikamwambia hata mimi nilihesabu.

Agosti 12

Mvua. Vidimbwi vimejaa tena. Nimechota kikombe. Maji matupu.

Agosti 13

Gáddjá kaniuliza kwa nini simtanii siku hizi. Nikamwambia nimestaafu. Akasema basi amtafute mume mwingine mwenye kazi. Nilitaka kujibu, lilikuwepo jibu, nilikuwa naliona. Nikaliacha likapita.

Agosti 29

Marjut kaondoka. Kasema kitabu nibaki nacho nimalizie msimu. Kamkumbatia Gáddjá, kanipa mkono, halafu akabadili mawazo akanikumbatia na mimi. Mibetula, miti yetu ya gome jeupe, imegeuka majani ya njano.

Septemba 24

Leo ilikuwa siku ya kuwatenganisha kulungu, kwenye boma kubwa la ushirika. Baridi imefika, kulungu wanakuja wenyewe sasa, wakati ambao hausaidii. Ndama ni wengi, wamenona, manyoya mazuri, na masikio mazima. Wengi wanakimbia peke yao, hawamfuati mtu. Hao wanaingizwa upande wa kuuzwa.

Nikamwona. Doa jeupe kwenye paji, kidole cha maziwa. Nilishuka kwenye uzio nikaingia ndani.

"Heaika, huyu ni wetu."

Heaika akaja, karatasi mkononi. "Anamfuata nani?"

"Hamfuati mtu. Mama yake alizama mtoni Julai. Jike mwenye pembe iliyopinda. Nilimwona akizama, na huyu nilimwona akitoka majini. Doa lile ninalifahamu kama ninavyofahamu sahani yangu."

Watu wakasogea karibu. Kwa sheria yetu, mwenye kundi mzee akisema hivi mbele ya wenzake, na wenzake wakamkubali, ndama anachongwa alama. Nimeshuhudia ikifanyika. Mimi mwenyewe nimewahi kuwakubalia wengine waziwazi wakidanganya, kwa sababu mwaka ulikuwa mbaya kwao.

Mtu nyuma akasema, si kwa ukali, "Hata mbu nao alisema amewaona."

Kicheko kidogo kikapita, kikafa.

Heaika akaniambia polepole, tukiwa karibu, "Shemeji, maisha yangu yote nimekucheka na nimekupenda. Lakini samaki wako wana urefu wa mtumbwi. Tundu la kofi lako kwenye mbu linabaki hewani. Na Juni tulikuamini. Leo nikisema nimekuamini, hawa wote watakuja kila mmoja na ndama wake na mto wake."

"Hii ni kweli."

"Pengine."

Nikageuka kwa Jovnna. Alikuwa ameshika mlango wa upande wa kuuzwa. Nikamwambia, "Mwambie mjomba wako. Wewe unajua nikisema uongo sura yangu inakuwaje."

Jovnna alimtazama ndama, akanitazama mimi. Nadhani aliniamini. Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani na sijui niliweke wapi. Aliniamini, na akafungua mlango, na ndama akaingia kwa wengine.

Oktoba 2

Jovnna kaondoka asubuhi. Kulungu waliobaki kauza kwa vijana wa Heaika. Mbwa kawaachia wao pia, mjini hakuna pa kukimbia. Mama yake kamfungia nyama kavu. Alipokuwa anafunga buti la gari nilimwambia, "Ukifika kiwandani waambie baba yako ni nani." Akasema atawaambia. Alinishika ule mkono uliokanyagwa, kwa uangalifu, akaushika muda.

Gáddjá alisimama njiani mpaka gari likapita daraja. Mimi niliingia ndani kuwasha jiko, halikuwaka.

Oktoba 11

Theluji ya kwanza. Kuni zimepungua, na Jovnna, ambaye kuni ni kazi yake, kiangazi kizima alikuwa anakimbiza wanyama. Nimepanda kilimani na pikipiki aliyoniachia Jovnna na kigari cha kuvuta. Nikaanza na nguzo za mlango wa boma, halafu zile alizogongelea Juni. Zimeingia ardhini sana, baba yangu hakuwa mtu wa mchezo. Nimezikata, nimezishusha, nimezipasua nyuma ya sauna.

Usiku Gáddjá akafungua mlango wa jiko akatazama ndani. Anazijua zile nguzo.

"Zinawaka?" akauliza.

"Zinawaka vizuri sana," nikamwambia. "Msonobari mkavu wa miaka yote hiyo. Mama Jovnna, katika nchi hii yote hakujawahi kuwaka boma zuri kama la kwangu."